Kumtayarisha Mraibu kwa Mabadiliko: Mazungumzo ya Kuamsha Ari na Zoezi la Uzingatifu

Chanzo cha mkanganyiko

Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza, mwezi wa Februari 2011, kuwanywesha methadoni waraibu wa heroini wa Dar es Salaam, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, swali la kumtibu mraibu limehama pahala pake pa zamani. Kabla ya hapo watu walibishana juu ya dawa yenyewe, kama ipo au haipo, na kama ipo ni nani aruhusiwe kuitoa. Ama sasa dawa ipo, japo haijaenea kila mji, na imebainika kuwa kuwapo kwake hakumalizi shauri, kwa kuwa wako wakaao karibu na kliniki ambao hawajapata kuikanyaga, wako waliokwenda majuma mawili wakakatika, na wako wanywao methadoni asubuhi mbele ya muuguzi, na magharibi ikiingia wakaonekana maskani wakitafuta kete ya heroini. Watu hawa hawakukosa tiba; walichokosa ni utayari wa kuipokea na kudumu nayo.

Juu ya jinsi ya kuujenga utayari huo, wazazi, wauguzi, wenye nyumba za upataji nafuu na maafisa wa serikali wamehitilafiana vikubwa, na katika hitilafu hiyo zimeingia njia mbili zilizotoka Marekani, ambazo aghalabu hufundishwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza ni mazungumzo ya kuamsha ari, ambayo mshauri nasaha humwongoza mtu azitamke mwenyewe sababu zake za kubadilika. Ya pili ni uzingatifu, yaani zoezi la kuituliza fahamu juu ya jambo lililopo sasa, kama vile pumzi au maumivu ya mwili, bila kulikimbia wala kulihukumu. Walio wengi huidhani ya kwanza kuwa ni kumbembeleza mhalifu, na ya pili kuwa ni ibada ya kigeni iliyovishwa joho la udaktari. Dhana hizo mbili si sahihi, lakini hata wazisifuo njia hizi huzisifu kwa mambo zisiyoyaweza, na huko kusifu kupita kiasi kumeleta madhara yake.

Rai kongwe: mraibu avunjwe kwanza

Insafu inataka tuanze na rai ambayo njia hizi zimekuja kuipinga, maana ndiyo iliyotangulia na ndiyo ingali na nguvu majumbani. Rai hiyo yasema kwamba mraibu ni mtu aliyejifunika uongo, haoni maradhi yake, wala hatayaona mpaka avuliwe uongo huo kwa ukali. Si rai ya Waswahili peke yao. Mwaka 1958 Charles Dederich aliasisi huko California jumuiya iliyoitwa Synanon, na humo waraibu walikalishwa duara wakashambuliana kwa maneno makali saa nzima nzima, kwa itikadi ya kwamba kiburi kikivunjika ndipo uzima uingiapo. Mtindo huo ulienea katika nyumba nyingi za tiba duniani kwa miaka mingi.

Rai hii haikosi hoja. Mzazi ambaye mwanawe ameuza sufuria za nyumbani, na ambaye kila usiku huhofia kuletewa maiti, hana anasa ya kungoja mtu akomae kwa hiari yake. Ukali wake umezaliwa na khofu, na khofu yake ni ya haki. Zaidi ya hayo, mipaka ni kitu cha lazima, na mraibu ambaye jamaa zake humlipia kila deni na kumfichia kila kosa huondolewa zile sababu ambazo zingemfanya afikiri.

Lakini hoja ya mipaka ni mbali na hoja ya karipio, na hapo ndipo rai kongwe inapoanguka. Mwaka 1993 William R. Miller na wenzake walichapisha utafiti juu ya walevi waliopata ushauri, wakaona kwamba kadiri mshauri alivyozidi kumkabili mteja kwa hoja na lawama, ndivyo mteja alivyozidi kunywa mwaka mmoja baadaye. Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu mwenye nia mbili, akisukumwa upande mmoja, huulinda ule wa pili, na katika kuulinda hujisikia mwenyewe akitoa dalili za kutobadilika, naye huyaamini yatokayo kinywani mwake kuliko yatokayo kinywani mwa mwingine. Mzazi akisema “acha,” kijana hutaja kwa nini hawezi; na akisha kutaja mara mia, kutoweza kumekuwa itikadi yake.

Mazungumzo ya kuamsha ari: asili yake na kazi yake

Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa Norway mwaka 1982 katika kliniki ya walevi karibu na mji wa Bergen, na vijana wa kazi hiyo walimtaka awaonyeshe afanyavyo na mteja, wakawa wanamkatiza kila mara wamwulize kwa nini ameuliza hili asiulize lile. Katika kujibu maswali yao aligundua kanuni ambazo alikuwa akizifuata pasipo kuziandika, na makala yake ya 1983 yakawa ndiyo mwanzo wa njia hii. Baadaye alishirikiana na Stephen Rollnick, aliyetoka Afrika ya Kusini na kufanya kazi Wales, wakatoa kitabu mwaka 1991, ambacho chapa yake ya nne ilitoka 2023.

Kiini chake ni kukubali kwamba nia mbili si ukaidi wala si unafiki. Mraibu anataka kuacha na hataki kuacha, katika saa ile ile moja, na kwa sababu ambazo kila moja ina mantiki yake: heroini humwondolea maumivu, humpa wenzi, humsahaulisha aibu, na hiyo hiyo imemharibia ndoa na imemtoa kazini. Mshauri hauchukui upande mmoja wa mzozo huo, kwani akiuchukua atamwachia mteja ule wa pili. Kazi yake ni kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au siyo, kuthibitisha kila jema alionalo, kumrudishia mteja maneno yake yakiwa yameeleweka, na kuyakusanya mwishoni, huku akiyategea sikio hasa yale maneno yanayoelekea mabadiliko na kuyapa nafasi yazidi.

Mfano mmoja utaonyesha ujuzi uliomo. Mshauri mtu mzima humwuliza kijana, “Kutoka sifuri mpaka kumi, mwanangu, unaona kuacha kuna umuhimu gani kwako?” Kijana hujibu, “Nne.” Mshauri mkali angesema, “Nne tu?” na kijana angeanza kujitetea. Aliyefunzwa husema, “Kwa nini ukasema nne, usiseme sifuri?” na swali hilo haliwezi kujibiwa ila kwa kutaja sababu za kuacha: mama anaumwa, mtoto ameanza kuniogopa, nimechoka na arosto, yaani maumivu ya kuikosa dawa. Mwenye kutaja ni kijana mwenyewe, na kwa hiyo hana wa kumpinga.

Hapa yafaa kuondoa kosa linalorudiwa katika mafunzo mengi, la kuichanganya njia hii na nadharia ya hatua za mabadiliko ya wanasaikolojia Prochaska na DiClemente, iliyozuka miaka ile ile ya mwanzo wa themanini, na inayodai kwamba mtu hupita kutoka kutofikiri hadi kufikiri, kisha kujiandaa, kutenda na kudumisha. Miller na Rollnick wenyewe waliandika mwaka 2009 kwamba njia yao haikujengwa juu ya nadharia hiyo, na mwaka 2005 Robert West, mtaalamu wa uraibu wa London, alikwisha kutaka nadharia yenyewe izikwe. Mzozo huu una athari kubwa kliniki: ikiaminiwa kwamba mtu yumo katika “hatua” fulani, atafukuzwa siku aliyo baridi kwa hoja ya kwamba hajawa tayari, ilhali utayari wa mraibu hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na aliye baridi asubuhi huenda akawa na azma adhuhuri.

Ithibati ya manufaa ya mazungumzo ya kuamsha ari ni nzuri kwa kiasi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa Project MATCH, uliohusu walevi 1,726 na matokeo yake kutolewa 1997, vikao vinne vya tiba iliyojengwa juu ya mazungumzo haya vilileta matokeo yaliyokaribiana na vikao kumi na viwili vya tiba nyingine mbili, na kwa nchi zenye wauguzi wachache na foleni ndefu jambo hilo lina uzito wa pekee. Lakini wachunguzi wa shirika la Cochrane walipokusanya, mwaka 2011, tafiti 59 zenye watu zaidi ya 13,000, waliona kuwa faida huwa kubwa zaidi mara tu baada ya mazungumzo, kisha hupungua kadiri miezi ipitavyo, wala haizidi faida ya tiba nyingine zilizofanywa kwa bidii. Maana yake ni kwamba mazungumzo hufungua mlango, na aliyefunguliwa akakuta hakuna kitu ndani atatoka tena.

Dosari ya pili imo kwa wafundishwaji. Miller na mwenzake Mount walionyesha mwaka 2001 kwamba washauri waliohudhuria warsha moja walitoka wakijiamini kuwa wameijua njia, lakini kanda za mazungumzo yao zilionyesha mabadiliko madogo, na wateja wao hawakusema tofauti na walivyosema zamani. Utafiti mwingine wa 2004 ukathibitisha kwamba kinachobadilisha mshauri ni kusikilizwa akifanya kazi, akarekebishwa, na kufuatiliwa baada ya warsha. Nchi zetu zimezowea semina ya siku tatu, cheti na chakula cha mchana, na sidhani kama kuna jambo lililopoteza fedha zaidi katika kazi hii.

Uzingatifu: ulinzi wa saa ya tamaa

Zoezi la uzingatifu lilichukuliwa kutoka mafundisho ya Kibudha, likavuliwa mavazi yake ya dini na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, akaliweka katika darasa la majuma kadhaa kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyopona. Aliyelileta kwa waraibu kwa nguvu zaidi ni Alan Marlatt wa Seattle, aliyeona kwamba tamaa ya dawa hupanda kama wimbi, hufika kilele, na huvunjika yenyewe, na kwamba mtu huzama kwa sababu hupigana nalo au hulitii kabla halijavunjika. Mraibu hufunzwa asimame, aitazame tamaa ilipo mwilini, kifuani au tumboni au vidoleni, arejee kwenye pumzi, aupanue utazamaji wake hadi mwili wote, kisha ndipo achague la kufanya.

Faida yake iko pale ambapo mazungumzo hayafiki. Mtu aliyesema kwa ulimi wake asubuhi kwamba mtoto wake ndiye sababu ya kuacha, saa moja ya usiku akikutana na rafiki wa zamani mwenye kete mkononi, hana nafasi ya kukumbuka sababu. Kinachomkabili ni joto la mwili na mate kinywani, na ujuzi unaohitajika hapo ni wa kuukalia mwili. Mwaka 2014 Sarah Bowen na wenzake walichapisha utafiti wa waraibu 286, wakaona kuwa baada ya mwaka mmoja waliofunzwa uzingatifu walikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa kuliko waliopata mafunzo ya kawaida ya kuzuia kurudia. Hata hivyo, ukusanyaji wa tafiti uliotoka 2017 haukuona tofauti iliyo bayana katika kurudia uraibu, na kwa hiyo mwenye kuitangaza njia hii kuwa tiba iliyothibitika amevuka mpaka wa ushahidi.

Liko jambo moja katika utafiti huo wa 2014 ambalo wausifuo uzingatifu husahau kulitaja: wote 286 walikuwa wamekwisha kumaliza tiba ya awali. Walikuwa wameshaamua. Basi utafiti huo hauwezi kutumiwa kuwa hujja ya kwamba uzingatifu huamsha nia kwa asiye nayo. Unachoshuhudia ni kwamba huenda uzingatifu ukailinda nia iliyokwisha kuamka.

Kuna na khatari. Mwenye majeraha ya nafsi, aliyepigwa au kunajisiwa utotoni au gerezani, akiambiwa afumbe macho na kuutazama mwili wake huenda akakutana na yale yale ambayo heroini ilikuwa ikimfichia. Utafiti wa Marekani wa 2017 uliohusu watu wa tafakuri waliopata taabu ulitaja miongoni mwa taabu hizo khofu, kukosa usingizi na kujiona mtu ametengana na mwili wake. Anayefundisha bila kujua hayo anacheza na afya ya watu.

Ama shaka ya dini, iliyo kubwa pwani, inastahili jibu la heshima. Zoezi lenyewe, la kuifuata pumzi na kuitazama tamaa, halidai itikadi yoyote. Tena kuichunga nafsi si jambo geni kwa Waislamu: mwanachuoni Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, ametenga kitabu kizima kwa murakaba na muhasaba. Lakini si haki kusema kwamba ni kitu kile kile, kwa maana muhasaba ni kuihesabu nafsi na kuihukumu mbele ya Mola wake, na uzingatifu wa kliniki huiakhirisha hukumu. Mraibu mwenye dini aambiwe tofauti hiyo kwa uwazi. Na akipenda kushika uradi wake badala ya kuhesabu pumzi, hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia.

Zinapokutana na zinapogongana

Wazisifuo njia mbili hizi kwa pamoja husema kwamba zina roho moja, nayo ni kumpokea mtu alivyo, na katika hilo wamesema kweli. Lakini mazungumzo yana lengo. Mshauri anajua anakotaka mteja afike, na huyachagua ya kuyarudia na ya kuyaacha yapite. Uzingatifu, kwa mafundisho yake, humtaka mtu asilenge popote, aitazame tamaa na aitazame nia ya kuacha kwa jicho moja. Mteja mwenye nia mbili akifunzwa uzingatifu mapema mno aweza kujifunza kukaa kwa utulivu ndani ya uraibu wake, akavumilia hali ambayo uchungu wake ndio ungemsukuma. Dosari hii siioni ikijadiliwa vya kutosha, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Ushahidi wa kuzichanganya njia mbili, nao, ni haba kuliko ushahidi wa kila moja peke yake.

Mahali ambapo mchanganyiko huu una nguvu isiyo na shaka kwangu ni kwa mshauri mwenyewe. Miller na Rollnick walitambua kwamba kizuizi kikubwa cha mazungumzo haya ni ile hamu ya mshauri ya kunyoosha mambo papo hapo, atoe nasaha, aonye, arekebishe. Hamu hiyo nayo hupanda mwilini na hushuka, sawasawa na tamaa ya mraibu. Muuguzi aliyejizoeza kuiona ikija, akavuta pumzi na kunyamaza, atauliza swali pale ambapo mwenzake angetoa khutuba. Kwa hiyo wa kwanza kufunzwa uzingatifu katika kliniki zetu wawe wafanyakazi.

Mpangilio na gharama

Kwa mraibu, mpangilio ufaao huamriwa na mwili. Arosto ya heroini huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, na hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Katika siku hizo hakuna hoja ya pumzi wala ya majadiliano marefu, na kumwambia mtu anayetapika na kutetemeka autazame mwili wake ni ukatili, hata kama haukukusudiwa. Apewe dawa kwanza. Methadoni, ambayo kipimo chake kimoja humtosha mtu siku nzima, humleta mraibu kliniki kila siku, na huko kuja kila siku ni hazina isiyotumiwa: dakika tano za mazungumzo yaliyofanywa vizuri dirishani, mara kwa mara, zinafaa kuliko saa nzima ya khutuba mara moja kwa mwezi. Kipimo kikisha kutulia na mtu mwenyewe akisema anataka kitu cha kumsaidia saa ya tamaa, ndipo aulizwe kama angependa kujifunza uzingatifu, kwa vipande vifupi, macho yakiwa wazi kwa anayetaka, na kwa ruhusa yake. Akianguka, mazungumzo yaanze upya bila karipio.

Wako wasemao kwamba haya yote ni kumbebesha mraibu mzigo wa kubadilika ilhali hana kazi, hana pa kulala, na polisi humkamata akiwa njiani kwenda kliniki. Hoja yao ni ya kweli, wala utayari uliojengwa kwa maneno hautasimama muda mrefu juu ya njaa. Lakini hoja hiyo huzidi kuyapa mazungumzo umuhimu, maana mshauri anayesikiliza atakuwa wa kwanza kujua kwamba kilichomkatisha mteja wake ni nauli, na aliyezowea kukaripia hatalijua hilo kamwe.

Ama gharama, uchunguzi wa Kenya umeonyesha kwamba ujuzi huu hauhitaji majumba makubwa: katika jaribio lililochapishwa 2020, wagonjwa wa kijijini wenye tatizo la ulevi waliozungumziwa kwa njia ya simu ya mkononi walipunguza kunywa zaidi, baada ya mwezi mmoja, kuliko waliokuwa wakingoja zamu yao.

Kwa hayo, rai yangu ni kwamba mazungumzo ya kuamsha ari yatangulie katika kila kliniki ya methadoni na kila nyumba ya upataji nafuu, na uzingatifu ufuate kwa wachache waliouchagua, chini ya mwalimu aliyefunzwa khatari zake. Wizara na wafadhili wenye fedha za semina kumi nawasihi waendeshe mbili tu, na fedha za zile nane zilizobaki wamlipe mtu mjuzi wa kukaa na wauguzi mwaka mzima, kuyasikiliza mazungumzo yao kwa idhini ya wateja, na kuyasahihisha moja moja mpaka yakae sawa.